Mkaguzi anakagua nini ndege ikiwa nzima?

Ukishuka daladala kituo cha Banana, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ile ya Kitunda, unakuwa jirani na ofisi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Si mbali na hapo ndege zinainuka na kutua Uwanja wa Julius Nyerere kutwa kucha. Muulize mtu yeyote kituoni watu wa jengo lile wanafanya kazi gani, atakujibu bila kusita: wanakagua ndege. Si uongo, ila ni nusu ya kazi. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, sehemu ngumu kuliko zote katika kazi ya mdhibiti wa usafiri wa anga, hapa kwetu na duniani kote, ni kukagua kitu kisichoshikika kwa mkono: jinsi kampuni inavyojijua yenyewe.

Kitu hicho kinaitwa mfumo wa usimamizi wa usalama. Watu wa fani wanasema SMS kwa kifupi, wala hawamaanishi meseji ya simu. Nimeona nilifungue fundo hili taratibu kwa sababu kila ajali inapotokea mazungumzo yetu yanazunguka maswali mawili tu. Ndege ilikuwa mbovu? Rubani alikosea? Mara nyingi chanzo kinakuwa kimeanza miezi mingi kabla, ofisini au kwenye maegesho ya ndege, kwa jambo ambalo watu kadhaa walikuwa wanalijua.

Tuanze na lugha, maana inatukwaza mapema. Kiswahili kinatupa neno moja, usalama, kwa mambo mawili ambayo usafiri wa anga unayatenganisha. Upo usalama wa kumzuia mtu mwenye nia mbaya: mashine za kukagulia mizigo, askari langoni, mkanda na viatu unavyovuliwa. Na upo usalama wa kuzuia ajali ambayo hakuna aliyeitaka: rubani aliyechoka, boliti iliyolegea, kunguru kwenye njia ya kurukia. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, una viambatisho vyake. Usalama wa aina ya kwanza umo kwenye Kiambatisho cha 17, wa aina ya pili kwenye Kiambatisho cha 19. Humu nazungumzia wa pili.

Sasa fikiria basi la mkoani limesimamishwa Kibaha. Trafiki analizunguka, anatazama matairi, anaomba leseni na bima, anauliza mikanda. Akikuta tairi kipara anaandika faini. Asipokuta kosa, basi linaondoka. Ukaguzi huo una faida kubwa na umeokoa wengi, lakini unajibu swali moja tu: gari hili, saa hii, likoje? Hausemi kama dereva alilala jana usiku. Hausemi kama fundi wa gereji ameomba tairi jipya mara tatu akaambiwa avute subira. Na hausemi kama mwenye basi analijua lolote kati ya hayo.

Usafiri wa anga uliendeshwa kwa ukaguzi wa namna hiyo kwa miongo mingi. Kila ajali ilizaa kanuni, kila kanuni ikazaa mstari mpya kwenye orodha ya mkaguzi. Ndege zikawa imara, mafunzo yakawa bora, ajali zikapungua sana. Ila zile chache zilizobaki zikawa na tabia nyingine. Hazikutokana na kitu kimoja kilichokatika. Zilitokana na mambo madogo manne au matano, kila moja likiwa ndani ya sheria au pembezoni mwake, yaliyokutana siku moja. Orodha ya mkaguzi haiwezi kuyakamata hayo, kwa kuwa kila moja peke yake linapita ukaguzi. Na kusubiri ajali itokee ndipo ujifunze ni kulipa ada kwa maisha ya watu.

Niweke mfano wa kufikirika, lakini wa karibu. Kampuni ndogo ina ndege tatu za injini moja, za abiria kumi na wawili hivi, zinazoruka kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia. Ina kijana anayepakia mizigo. Kila abiria anapima begi lake kaunta na uzito unaandikwa. Lakini kijana ameona kitu. Safari za Mafia, abiria mmoja au wawili huja hadi kwenye ndege na boksi mkononi: vipuri vya injini ya boti, nati, propela, mnyororo. Kaunta lilipita kama mzigo wa mkononi. Likifika ndani halina pa kukaa, kwa hiyo anaambiwa, "Dogo, litupie huko nyuma." Anaponyanyua anahisi kabisa ni kilo kumi na tano, kumi na nane. Karatasi ya uzito imeshasainiwa na rubani, na boksi hilo halimo.

Kwa ndege kubwa kilo kumi na nane si kitu. Kwa ndege ndogo, mabokisi mawili matatu yasiyoandikwa, tena yakiwekwa nyuma kabisa, yanavuta mkia chini na kubadilisha namna ndege inavyoitikia mkono wa rubani. Rubani anaruka akiamini namba ambazo si za kweli. Leo ndege inafika salama. Kesho inafika. Mwaka mzima inafika. Mkaguzi akija siku yoyote atakuta ndege nzima, leseni hai, karatasi ya uzito imejazwa vizuri na saini ipo. Mtu pekee anayejua kwamba karatasi ile haisemi ukweli ni kijana wa mizigo, naye hana cheo, hana ofisi, na ana mkataba wa miezi mitatu.

Hapo ndipo SMS inapoingia. Kampuni inatakiwa iwe na njia ya kijana huyu kusema, na isome anachosema. Anaandika kwenye fomu, au anapiga simu, au anamwambia mkuu wa usalama wa kampuni. Jambo lake linapimwa kwa maswali mawili: linaweza kutokea mara ngapi, na likitokea madhara yake ni makubwa kiasi gani? Kwa kawaida hutumika jedwali la tano kwa tano, uwezekano ukipewa namba 5 hadi 1 na madhara herufi A hadi E. 5A ni jambo la kusimamisha kazi papo hapo. 1E unaweza kuishi nalo. Kiswahili hapa kinatubana tena, kwa kuwa tunaita "hatari" chanzo chenyewe, yaani boksi lisilopimwa, na pia ukubwa wa tishio linalotokana nalo. Wataalamu wanavitofautisha. Chanzo kinaweza kubaki palepale, tishio likashuka kwa sababu umefanya kitu.

Na kitu chenyewe mara nyingi ni cha kawaida sana. Mizani ya pili iwekwe karibu na ndege. Chochote kinachoingia kipimwe pale, karatasi irekebishwe, ndipo rubani asaini. Gharama yake ni mizani moja na dakika tano za ziada. Dakika tano hizo lakini zitachelewesha safari ya pili ya siku, na meneja wa biashara atanung'unika. Ndiyo maana mfumo unadai awepo mtu mmoja, kiongozi mwajibikaji, mwenye kauli ya mwisho juu ya fedha na watu, ambaye hawezi kusukumia wajibu huo kwa aliye chini yake. Usalama usiokuwa na mtu wa kusaini hundi unabaki bango ukutani.

Baada ya miezi mitatu mtu aende akaangalie: karatasi imerekebishwa mara ngapi? Kama ni sifuri, huenda watu wameacha kubeba mabokisi, au huenda mizani imesukumwa uvunguni mwa meza. Huwezi kujua ukiwa ofisini. Halafu jambo la mwisho, ambalo kampuni nyingi hulisahau: kijana aambiwe kilichofanyika. Asipoambiwa, hatasema tena.

Vitabuni haya yote yanapangwa kama nguzo nne zenye vipengele 12: sera na malengo, udhibiti wa hatari, uhakiki wa utendaji, na mafunzo pamoja na mawasiliano. Kimojawapo ni kupanga mapema nani atafanya nini ajali ikitokea, kwa kushirikiana na vyombo vingine. Watanzania hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyoondoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafa. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kila nikikumbuka picha zile za watu wakivuta kamba ufukweni, naona kipengele hicho si cha kujazia ukurasa.

Serikali inaingiaje? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Tanzania ni mwanachama tangu 1962, lilipitisha Kiambatisho cha 19 Februari 2013, kikaanza kutumika Novemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo masharti ya aina hii yalikuwa yametawanyika kwenye viambatisho vingine. Marekebisho makubwa yalipitishwa 2016 na kuanza kutumika Novemba 2019. Kiambatisho kinabebesha wajibu pande mbili. Watoa huduma, yaani mashirika ya ndege, karakana za matengenezo, vyuo vya urubani, viwanja na waongoza ndege, wawe na SMS. Nchi nayo iwe na programu yake ya taifa ya usalama: sheria, chombo chenye mamlaka, wakaguzi wenye sifa, na namna ya kukusanya taarifa za nchi nzima ili ione hatari kubwa ziko wapi. Kwa Afrika Mashariki kuna pia CASSOA, wakala wa Jumuiya ulioanzishwa 2007 wenye makao Entebbe, unaosaidia kanuni za nchi wanachama zifanane.

Mkaguzi aliyezoea tairi anapopewa kazi ya kukagua mfumo, anajifunza kuuliza kwa ngazi. Kitu kipo? Kinalingana na ukubwa na aina ya kazi ya kampuni hii? Kinatumika kweli? Kinaleta matokeo? Ngazi ya kwanza ni rahisi, na ndiyo yenye mtego. Mtu anaweza kununua kitabu cha SMS kilichoandikwa kwa ajili ya shirika kubwa la nje, akabadilisha jina na nembo, akakiweka kabatini. Kipo. Kampuni yenye ndege tatu haihitaji kamati saba na programu ya kompyuta ya bei mbaya. Inahitaji watu wake ishirini wakutane wazungumze ukweli, na iandike walichoamua. Mkaguzi anayedai makaratasi mengi kwa kampuni ndogo anaifundisha kutengeneza makaratasi.

Wapo wanaosema: kama kampuni inajikagua, mdhibiti apumzike. Mimi napinga kabisa, na historia inanipa sababu. Kanada ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyalazimisha mashirika kuwa na SMS, tangu 2005. Haikuchukua muda wakaguzi wa serikali wenyewe wakaanza kulalamika kwamba muda wao unaishia kwenye kusoma mifumo badala ya kwenda kwenye ndege, na bodi ya uchunguzi wa ajali ya nchi hiyo imeuweka usimamizi wa usalama kwenye orodha yake ya mambo ya kuangaliwa kwa karibu tangu 2010. Marekani iliyalazimisha mashirika ya ndege kwa kanuni ya 2015, lakini watengenezaji wa ndege hawakuguswa. Oktoba 2018 Boeing 737 MAX ikaanguka Indonesia ikiua watu 189. Machi 2019 nyingine, iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaua watu 157. Sheria iliyotungwa na Bunge la Marekani mwishoni mwa 2020 ikaamuru watengenezaji nao wawe na SMS, na kanuni yake ikatoka 2024.

Sikiliza lakini kilichotokea katikati. Boeing ilikuwa imeshaanza SMS kwa hiari. Jopo la wataalamu lililoundwa kwa sheria hiyo lilitoa ripoti Februari 2024, likakuta pengo kati ya viongozi wa juu na wafanyakazi wengine kuhusu utamaduni wa usalama. Makaratasi yalikuwepo, watu wa chini hawakuyaelewa vizuri. Mwezi mmoja kabla, kibao kinachoziba nafasi ya mlango usiotumika kilikuwa kimechomoka angani kwenye ndege yao moja, na wachunguzi wakakuta boliti nne zilizotakiwa kukishikilia hazikuwepo. Kampuni yenye fedha na wahandisi wa kiwango hicho ilikwama kwenye ngazi ya tatu. Kwa hiyo SMS haimpunguzii mdhibiti kazi. Inamtaka mkaguzi mjuzi zaidi, anayeweza kukaa na mkurugenzi asubuhi na fundi mchana, akagundua kwamba hawazungumzii kampuni ileile.

Hapa kwetu kuna ugumu wa ziada ambao lazima usemwe wazi. TCAA ndiyo mdhibiti, lakini waongoza ndege nao ni wa TCAA hiyohiyo. Viwanja vikubwa vya Tanzania Bara viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ambayo ni ya Serikali. Air Tanzania ni ya Serikali. Hakuna haramu katika hilo, na nchi nyingi zimekaa hivyo. Lakini siku mkaguzi anapotakiwa kuandika "hapana", anaiandikia Serikali iliyomwajiri. ICAO inasisitiza kazi ya kudhibiti itenganishwe na ya kutoa huduma, walau kwa muundo wa ndani, na mkaguzi awe na sheria inayomlinda anaposimamisha safari hata kama abiria wamesharuhusiwa kupanda.

Matokeo ya udhibiti kutiliwa shaka tumeyaona. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yaliyokatazwa katika anga yake. Juni 2025 katazo likapanuliwa hadi mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika usimamizi wa uendeshaji wa safari na wa uzima wa ndege. Watu wengi Dar es Salaam walilipokea kama tusi kwa ndege zetu, wakataja umri wa zile mpya. Lakini uamuzi wa pili haukuwa unapima ndege moja moja. Ulikuwa unampima anayezipima. Kampuni inayoruka Mafia tu, isiyowahi kuota kwenda Ulaya, iliingia kwenye orodha ileile. Dawa yake haipatikani kwa kununua ndege nyingine. Inapatikana kwa kuajiri, kufundisha na kuwalipa wakaguzi kiasi kwamba mhandisi mzuri asiondoke kila shirika linapomwonyesha mshahara mara mbili.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Mfumo wote huu unaishi kwa taarifa za watu wa chini, na sisi tumelelewa kwenye "funika kombe mwanaharamu apite". Tunamstiri mwenzetu, hatumwaibishi mkubwa, na mtu anayepeleka habari juu tunamwita mnoko. Rubani msaidizi wa miaka ishirini na sita anamwamkia rubani kiongozi "shikamoo" asubuhi, halafu saa moja baadaye, wakikaribia kutua, anatakiwa amwambie, "Mzee, hatujatulia, tupande tuzunguke upya." Kuna mafunzo ya kumwezesha kusema hivyo bila kuvunja heshima, na yanafanya kazi, ila tu ikiwa mzee naye amefundishwa kusikia.

Kwa upande wa sheria, Kiambatisho cha 19 kinataka taarifa za usalama zilindwe zisitumike kumwadhibu aliyezitoa, isipokuwa pale penye makusudi, uzembe mkubwa au jinai. Aliyekosea kwa bahati mbaya akasema, anasaidiwa. Aliyevunja utaratibu kwa kusudi anawajibishwa. Mstari kati ya hao wawili ni mwembamba, na kuuchora si kazi ya meneja mwenye hasira saa moja baada ya tukio. Namfahamu fundi mmoja, sitaitaja kampuni wala mwaka, aliyeripoti mwenyewe kwamba alisahau bisibisi ndani ya kifuniko cha injini. Aliikumbuka akiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, akateremka, akapiga simu, ndege ikazuiwa isiondoke alfajiri. Alipewa barua ya onyo. Alinisimulia akiwa ametulia kabisa, akamalizia kwamba kikao cha wiki iliyofuata fomu ya kuripoti ilipopitishwa mezani kwa mafundi, kila mmoja aliisukuma kwa mwenzake bila kuandika.

Ndiyo sababu mkaguzi mzuri hamalizi kazi kwenye chumba cha mikutano chenye slaidi na chai. Anaomba kitambulisho cha kupita, anavaa kizibao cha kung'aa, anashuka hadi kwenye maegesho jua likiwa limewaka, anamkuta kijana wa mizigo. Hamuulizi nguzo nne za SMS ni zipi. Anamuuliza, "Mara ya mwisho uliripoti nini, na ulijibiwa nini?" Halafu anatazama kama kijana anajibu moja kwa moja, au kwanza anageuka kumwangalia bosi wake.